Kusoma kompyuta kwa vidole: mwongozo kamili wa skrini ya nukta nundu kwa mtumiaji asiyeona

Kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye kompyuta, kikitamka "kwa sababu" na kikitamka "kwasababu", sikio halipati tofauti yoyote. Mimi nahariri maandishi ya Kiswahili bila kuona, na kwa miaka mingi niliifanya kazi hiyo kwa sauti peke yake, nikijiamini kabisa, hadi siku niliporudishiwa makala ya kurasa kumi na mbili iliyojaa "kwasababu", "kwahiyo" na "Dar es salaam" yenye s ndogo. Sauti ilikuwa imenisomea kila neno, tena vizuri. Ambayo haikunisomea ni nafasi baina ya maneno, herufi kubwa na alama za uandishi, yaani mambo yale yale ambayo mhariri hulipwa ili ayaone. Mwezi uliofuata niliazima skrini ya nukta nundu yenye seli 40, yaani nafasi 40 za herufi, na tangu hapo sijapeleka ukurasa kwa mtu kabla haujapita chini ya vidole vyangu.

Mwongozo huu unafuata njia nzima, tangu mtu hajashika kifaa hadi anaandika barua kwa vitufe vyake, kwa anayetumia kompyuta ya Windows. Kisoma skrini nitakachotolea mifano ni NVDA, kwa kuwa ni cha bure na ndicho ambacho wengi wetu tunakimudu. Kilianzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Anayetumia JAWS, kisoma skrini cha kulipia, atakuta hatua zile zile chini ya majina mengine.

Kilichomo ndani ya kifaa

Skrini ya nukta nundu ni kifaa bapa, chenye umbo kama kibodi nyembamba, ambacho upande wa juu kina safu moja ya seli. Kila seli ina pini nane ndogo zinazopanda na kushuka. Kisoma skrini kinapopeleka herufi mpya, pini husika huinuka, nyingine hulala, na mstari uliokuwa chini ya kidole sekunde iliyopita unakuwa mstari mwingine. Hakuna karatasi inayotumika.

Louis Braille alipochapisha mfumo wake mwaka 1829 aliupa nukta sita kwa kila herufi: safu ya kushoto ni 1, 2 na 3 kutoka juu kwenda chini, na ya kulia ni 4, 5 na 6. Nukta sita hutoa maumbo 64 tu ukihesabu na seli tupu, na kompyuta ina alama nyingi kuliko hizo, ndiyo maana ikaongezwa nukta ya 7 chini ya nukta ya 3 na nukta ya 8 chini ya nukta ya 6. Sasa maumbo ni 256. Mtu aliyefundishwa kwa mashine ya Perkins, ile taipureta ya nukta nundu, hashughulishwi sana na nyongeza hiyo: herufi ni zile zile, na nukta mbili za chini huja mara nyingi kuonyesha mahali kishale (alama ya pale utakapoandika) kilipo au kwamba herufi ni kubwa.

Bei ya kifaa hueleweka ukijua kinachoisukuma pini. Katika skrini nyingi, kila pini imekaa juu ya ukanda mwembamba wa kauri unaopinda ukipewa umeme wa takribani volti 200, wenye mkondo mdogo mno usioweza kumdhuru msomaji. Seli 40 ni kanda 320 za namna hiyo, zote zikitakiwa kuinuka kwa kimo kimoja, na viwanda vinavyotengeneza seli hizo duniani ni vichache, kikubwa kikiwa KGS ya Japani. Kwa hiyo skrini ya seli 40 hugharimu maelfu ya dola, mara nyingi zaidi ya kompyuta yenyewe kwa mbali.

Hatua ya kwanza: pima usomaji wako wa nukta nundu

Kabla ya kuulizia bei, chukua ukurasa wowote wa karatasi wa nukta nundu na usome kwa dakika kumi. Ikiwa unakwama kwenye kila neno la tatu, fedha ya kifaa isubiri na muda uende kwanza kwenye mazoezi ya karatasi, kwani skrini humpa mtu mstari mmoja tu na haimpi nafasi ya kupapasa ukurasa mzima akitafuta pa kushika. Waliopoteza uwezo wa kuona wakiwa watu wazima wasivunjike moyo kwa hili. Inawezekana kujifunza herufi zote ukubwani. Kinachochelewa ni kasi.

Wanaosoma vizuri karatasi nao wana jambo moja la kuacha. Karatasi nene za shuleni zilitufundisha kukandamiza. Pini ya skrini ukiikandamiza huzama, na ukiizamisha hutaisoma. Weka ncha za vidole kana kwamba unapima kama chai imepoa, kisha usogeze mkono wote kutoka bega badala ya kukuna kwa kidole kimoja. Mkono wa kushoto uanze mstari, wa kulia uumalize.

Hatua ya pili: chagua ukubwa na aina

Skrini huuzwa kwa hesabu ya seli, na zinazopatikana zaidi ni za 14, 20, 32, 40 na 80. Washauri wengi wa nje husema 20 zinatosha kwa mtu wa kawaida. Kwa lugha zao huenda ikawa kweli. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo ndani ya neno moja: "tulivyowafundisha" ni herufi 17. Kwenye skrini ya seli 14 neno hilo haliingii. Kwenye seli 20 linaingia na kubakisha nafasi ya neno la herufi mbili. Msomaji wa Kiswahili mwenye skrini fupi hutumia muda mwingi akibonyeza kitufe cha kusogeza mbele, na sentensi inamfikia vipande vipande. Kwa anayehariri, anayeandika programu au anayefanya hesabu, ningesema 40 kama uwezo upo. Kwa anayetaka kusoma vitabu na ujumbe wa simu akiwa safarini, 20 zitamfaa. Skrini za seli 80 ni za mezani, hasa kwa wanaoshughulika na majedwali marefu ya takwimu.

Kwa upande wa unafuu wa bei, kifaa kilichobadilisha mambo katika eneo letu ni Orbit Reader 20, ambacho Kilimanjaro Blind Trust Africa ya Nairobi imekuwa ikikipeleka kwa wanafunzi. Kina seli 20, vitufe vya kuandikia vilivyopangwa kama vya Perkins, na nafasi ya kadi ya SD ya kuwekea vitabu, hivyo kinasoma hata bila kompyuta. Pini zake hazitumii kauri. Zikishapanda hujifunga na kukaa imara kama za karatasi, jambo linalowapendeza sana wenye mkono mzito. Upande wa pili ni kwamba mstari hubadilika polepole kidogo huku ukitoa mlio unaosikika, na hakina vitufe vya kuitia kishale juu ya seli. Kutokuwa na vitufe hivyo ni upungufu mdogo kwa msomaji na mkubwa kwa mhariri, kama itakavyoonekana katika hatua ya sita.

Zipo sasa skrini za mistari mingi pia. Canute 360 ya Uingereza ina mistari tisa ya seli 40, na Monarch ya Marekani ina mistari kumi ya seli 32 na inaweza kuchora grafu na ramani kwa nukta. Kwa mwalimu wa hisabati ni neema. Kwa mtu anayeanza, bei yake inatosha kufunga mazungumzo.

Ukinunua kilichotumika, usilipe kabla ya kufanya jaribio lifuatalo. Fungua Microsoft Word, andika 28FF, kisha bonyeza Alt na X; maandishi hayo yatageuka kuwa alama yenye nukta zote nane. Inakili mara nyingi kama idadi ya seli za kifaa, na uache mstari mtupu chini yake. Pitisha kidole juu ya mstari uliojaa: panapokosekana nukta, pini imekufa. Shuka kwenye mstari mtupu: nukta iliyobaki imesimama imekwama. Mimi sikulijua jaribio hili niliponunua skrini yangu ya kwanza kwa mtu aliyeapa kwamba ni nzima. Pini ya 5 katika seli ya 17 ilikuwa imekufa. Herufi e ni nukta za 1 na 5. Ukiiondoa ya 5 inabaki nukta ya 1, ambayo ni a. Kwa hiyo katika seli hiyo moja kila e ilikuwa a, kila d ilikuwa c, kila h ilikuwa b, na niliwahi kuhangaika nusu saa na maelezo ya upishi yaliyonitaka "niwake" sufuria jikoni.

Hatua ya tatu: andaa kompyuta, hata kama kifaa hakijafika

Sakinisha NVDA kutoka kwenye tovuti ya NV Access, shirika linaloitengeneza. Wakati wa kusakinisha, sauti huanza yenyewe na kukusomea kila kinachotokea. Sauti ya eSpeak NG, iliyomo ndani ya NVDA, ina Kiswahili pia, ingawa lafudhi yake inahitaji uvumilivu. Kitufe kinachoitwa cha NVDA ni Insert, au Caps Lock ukichagua hivyo, na menyu yake hufunguka kwa kitufe hicho pamoja na N.

Ndani ya menyu, chini ya Tools, kuna kitu kiitwacho Braille Viewer. Hiki huonyesha kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta zile nukta ambazo kifaa kingezionyesha, pamoja na herufi zake. Kwa asiyeona hakisaidii moja kwa moja, lakini kwa mwalimu anayeona, mzazi au fundi wa ofisini ni msaada mkubwa: anaweza kukuambia kwa simu kama tatizo liko kwenye kifaa au kwenye mipangilio. Pia humwezesha kujifunza herufi kabla kifaa hakijavuka forodha.

Hatua ya nne: unganisha, ukianza na kebo

Watu hukimbilia Bluetooth. Nakushauri uanze na kebo ya USB, kwani ikikataa utajua tatizo haliko kwenye mawimbi wala namba za siri za kuoanisha.

Washa skrini, chomeka kebo moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyi, subiri sekunde chache, kisha bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Control na A. Litafunguka dirisha la kuchagua skrini ya nukta nundu. Chaguo la kwanza la kujaribu ni Automatic, ambalo humwachia NVDA atafute mwenyewe. Kwa vifaa vingi linatosha, na papo hapo utahisi mstari ukiinuka chini ya vidole. Mwaka 2018 ulitangazwa mtindo mmoja wa kuunganisha skrini za nukta nundu kwa USB, unaoitwa HID, na NVDA ikaanza kuupokea katika toleo la 2021.3. Ndiyo sababu vifaa vipya havidai tena programu ndogo ya mtengenezaji kama vya zamani. Ikiwa kifaa chako kinakuruhusu kuchagua namna ya kuunganisha katika menyu yake, chagua HID kwanza.

Kama hakuna kinachoinuka, hakikisha hakuna kisoma skrini kingine kilichokwisha kukishika kifaa. Skrini moja haiwezi kuhudumia wawili kwa pamoja, na Narrator ya Windows ikiwa imewashiwa nukta nundu inaweza kuizuia NVDA bila kusema neno. Ikishindikana, acha Automatic na utafute jina la mtengenezaji katika orodha. Ni baada ya kebo kufanya kazi ndipo ukafungue mipangilio ya Bluetooth ya Windows, uoanishe, na urudi kwenye dirisha lile lile.

Hatua ya tano: chagua jedwali la lugha

Hapa ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili wanapokata tamaa na kudhani kifaa ni kibovu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kompyuta haipeleki herufi zenyewe kwenye pini. Hupitisha maandishi katika jedwali linaloiambia kila herufi, au kila kundi la herufi, iandikwe kwa nukta zipi. Jedwali la Kiingereza la gredi ya 2 limejaa vifupisho: kundi "ar" ni seli moja ya nukta za 3, 4 na 5, kundi "en" ni nukta za 2 na 6, "in" ni za 3 na 5, na "ing" ni za 3, 4 na 6. Jedwali halijui kwamba unasoma Kiswahili. Likikutana na "vingine" linaona v, kisha "ing", kisha "in", kisha e, na neno la herufi saba linakuwa seli nne. "Habari" inapoteza seli moja, "kengele" nayo moja. Anayejua vifupisho vya Kiingereza atalisoma neno baada ya kusitasita. Mtoto aliyefundishwa nukta nundu za Kiswahili ataona takataka.

Fungua menyu ya NVDA, ingia Preferences, kisha Settings, kisha sehemu ya Braille. Kuna majedwali mawili ya kuchagua: la kutoa, linalohusu unachosoma, na la kuingiza, linalohusu unachoandika kwa vitufe vya skrini. Tangu toleo la 2023.1, orodha ina majedwali ya Kiswahili yaliyoandikwa kuwa ya Kenya, ya gredi ya 1 na ya gredi ya 2. Anza na gredi ya 1 katika yote mawili, hata kama wewe ni wa Songea au Bukavu, kwa sababu herufi zenyewe ni zile zile na tofauti za vifupisho hazikuhusu katika gredi hiyo. Ukihamia gredi ya 2, washa chaguo linalolifungua neno lililo chini ya kishale ili lionekane herufi kwa herufi. Bila hivyo utasahihisha kifupisho ukidhani unasahihisha tahajia.

Kwa kazi ya kuhariri natumia jedwali la tatu, lile la kompyuta la nukta nane. Ndani yake kila alama ni seli moja, bila nyongeza: herufi kubwa ni ile ndogo ikiongezewa nukta ya 7, wakati gredi ya 1 kwa kawaida hutanguliza nukta ya 6 katika seli yake. Herufi s kubwa ya "Salaam" naipata papo kwa papo, na hesabu ya seli inalingana na hesabu ya herufi. Kusoma hadithi kwa jedwali hilo kunachosha, hasa tarakimu ambazo huandikwa upande wa chini wa seli bila alama ya namba. Mimi hubadilisha kulingana na kazi.

Lipo pia suala la king'ong'o. Katika "ng'ombe" na "ng'ambo" alama ya katikati ni nukta ya 3, na huonekana vizuri ikiwa mwandishi ametumia alama iliyonyooka ya kibodi. Programu za kuandikia hupenda kuigeuza kuwa alama iliyopinda, na jedwali lisiloitambua hiyo huonyesha msimbo wake badala ya nukta, hivyo ng'ombe hupasuliwa katikati kwa msururu wa tarakimu unaoishia 2019. Ukiukuta msururu huo, ujue tatizo liko kwenye faili. Zima ubadilishaji huo katika mipangilio ya masahihisho ya Word, halafu utafute alama zote zilizopinda na kuziweka zilizonyooka.

Hatua ya sita: soma na usahihishe

Kaa skrini ikiwa mbele ya kibodi, karibu na tumbo, ili vidole vishuke kutoka vitufe hadi seli bila mkono kusafiri. Kusogeza mbele na nyuma kuna vitufe vyake, mara nyingi chini ya vidole gumba. Juu ya kila seli, kwenye vifaa vingi, kuna kitufe kidogo cha kuitia kishale.

Thamani ya kitufe hicho huonekana kwa mfano. Nina sentensi "Hakuja kwasababu alikuwa mgonjwa." Kidole cha kushoto kinapita Hakuja, kinakuta nafasi, kinaingia k, w, a, na mara s bila nafasi. Nasimama hapo hapo. Bila kuinua mkono, nasukuma kidole juu kidogo na kubonyeza kitufe kilicho juu ya s. Nukta za 7 na 8 zinaanza kuchezacheza chini ya herufi hiyo, maana yake kishale kimefika. Nabonyeza nafasi. Maneno ya kulia yanasogea seli moja. Kazi imekwisha kwa muda mfupi kuliko wa kuieleza, na kwa vitufe vya mishale ningehesabu herufi moja moja huku sauti ikinitamkia kila hatua.

Kishale kinachochezacheza huwasumbua wengine kwa kuwa kidole hudhani herufi imebadilika. Mipangilio ile ile ya Braille inakuruhusu kukituliza. Hapo hapo utakuta namna skrini inavyofuata: iandamane na kishale cha kuandikia, au na kishale cha kukagua (kinachopita juu ya maandishi bila kukihamisha cha kuandikia), au ichague yenyewe. Anayeanza aiache ijichagulie yenyewe. Control na T pamoja na kitufe cha NVDA hubadilisha wakati wowote. Ongeza pia muda wa ujumbe mfupi kukaa kwenye skrini, maana ujumbe unaotoweka kabla kidole hakijaufikia ni sawa na ambao haukuja.

Kwenye tovuti na madirisha, NVDA hufupisha aina ya kitu: "lnk" ni kiungo, "btn" ni kitufe, "edt" ni kisanduku cha kuandikia, "h1" ni kichwa cha ngazi ya kwanza. Kisanduku cha kutia tiki huchorwa kwa seli tatu, za pembeni zikiwa kama kuta mbili. Ya katikati ikiwa imejaa nukta zote nane kimetiwa tiki, ikiwa na nukta mbili za chini tu hakijatiwa. Sehemu uliyoichagua ili kunakili au kufuta hupigiwa mstari kwa nukta za 7 na 8 chini ya kila herufi, na huu ndio uthibitisho bora kwamba unafuta ulichokusudia.

Usizime sauti mara moja. Soma makala ndefu kwa masikio, na ushushe sauti unapofika penye majina ya watu, namba za simu, tarehe, mashairi na chochote utakachotia sahihi.

Hatua ya saba: andika kwa vitufe vya skrini

Kama kifaa chako kina vitufe vya Perkins, unaweza kuachana na kibodi kwa kazi nyingi. Nukta ya 7 peke yake hufuta, nukta ya 8 ni Enter. Kwa vifaa vinavyotumia HID, nafasi pamoja na nukta ya 1 hupanda mstari, na nukta ya 4 hushuka. Nafasi na nukta ya 3 huenda kushoto, na ya 6 kulia. Nafasi na herufi e ni Escape, nafasi na m ni Alt, nafasi na n hufungua menyu ya NVDA, na nukta za 4 na 6 pamoja na nafasi ni Tab. Vifaa visivyotumia HID vina orodha zao ndani ya mwongozo wa NVDA, sehemu ya skrini za nukta nundu.

Angalia jambo moja: ukiandika kwa jedwali lenye vifupisho, neno halitokei kwenye kompyuta mpaka ubonyeze nafasi, kwa sababu NVDA husubiri kujua kama kifupisho kimekamilika. Wengi hudhani kifaa kimeganda.

Simu

Skrini hiyo hiyo inaweza kuoanishwa na simu. Kwenye Android ingia mipangilio ya TalkBack, sehemu ya Braille, uongeze kifaa kwa Bluetooth. Kwenye iPhone njia ni mipangilio, ufikivu, VoiceOver, Braille. Ukishazoea kusoma ujumbe wa M-Pesa kwa kidole ndani ya daladala, bila salio lako kutangazwa kwa abiria wote, hutataka kurudi nyuma.

Utunzaji na hitilafu za kawaida

Adui wa pini ni mafuta na vumbi. Nawa mikono na uikaushe kabla ya kusoma, usipake losheni, na karanga zikae mbali. Futa seli kwa kitambaa laini kikavu kifaa kikiwa kimezimwa, ukipitisha kwa wepesi. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Wakazi wa pwani, ambako chumvi na unyevunyevu havilali, wahifadhi kifaa ndani ya mfuko wake pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Pini iliyokwama mara nyingi inahitaji kusafishwa tu, lakini kufungua seli ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Kanda za kauri huvunjika kwa mguso.

Kifaa kinachokatika kila baada ya dakika kadhaa kwenye kebo huwa hakijaharibika. Windows huzima matundu ya USB ili kuokoa betri, na unaweza kuizuia katika mipangilio ya umeme. Kikikatika kwa Bluetooth, chaji kwanza kabla ya kushuku kingine. Kikionyesha nukta zisizoleta maana ghafla, hakiki jedwali: labda mtu mwingine amekaa kwenye kompyuta yako.

Mipangilio yote ikikaa sawa, ihifadhi kwa kitufe cha NVDA, Control na C. Kisha, kutoka menyu ya Tools, tengeneza nakala ya NVDA ya kubeba kwenye flashi, ukikubali mipangilio yako inakiliwe pamoja nayo. Flashi hiyo ichomekwe kwenye kompyuta ya ofisi, ya maktaba au ya kituo cha intaneti, na skrini yako itaamka ikiwa na jedwali la Kiswahili, kishale kilichotulia na muda wa ujumbe uliouzoea, bila kusakinisha chochote kwenye mashine ya mwenyewe.